Tumbo la Mama Cynthia

Loise Mkawasi alikuwa fundi wa cherehani huko Mbololo, si mbali na mji wa Voi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Watu walimwita Mama Cynthia. Mume wake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee, Cynthia, alifanya kazi katika saluni Nairobi, na alipiga simu kila Jumapili.

Siku za Loise zilifanana. Asubuhi alichota maji, akawapa kuku chakula, akafungua mlango wa mbele na kukaa kwenye cherehani. Wanawake walikuja na vitambaa. Walikaa, wakaongea, wakacheka. Jumatano alienda mazoezi ya kwaya. Jumapili aliimba kanisani. Hivyo wiki iliisha bila yeye kuhisi sana kwamba nyumba ina mtu mmoja.

Mwezi wa pili, sketi yake ya kanisani ilianza kumbana kiunoni. Akaipanua. Baada ya wiki chache akaipanua tena. Alishangaa, kwa sababu mikono na mashavu yake yalikuwa yanakonda. Akila vijiko viwili vitatu tu, anashiba. Alienda chooni kukojoa kila wakati. Chini ya kitovu alihisi uzito, kama amebeba kitu.

"Ni gesi," alijiambia.

Alinunua dawa ya tumbo dukani. Akanywa pia mizizi aliyouziwa sokoni. Tumbo liliendelea kukua.

Jumatano moja, mwezi wa tano, Mama Mwandawiro alimwita kando baada ya mazoezi. Mama Mwandawiro alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani.

"Loise, sitakuzungusha. Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema. Wewe ni mjane. Na tumbo tunaliona."

"Mama Mwandawiro, mimi niliacha kuona mwezi miaka miwili iliyopita. Mimba itoke wapi?"

"Mimi sikuhukumu. Lakini pumzika kwaya kidogo, mpaka mambo yako yatulie."

Loise alikunja karatasi ya nyimbo, akampa. Alirudi nyumbani peke yake. Wanakwaya watatu walikuwa wakienda njia hiyohiyo, lakini walipunguza mwendo ili wasimfikie.

Baada ya hapo, vitambaa vilianza kupelekwa kwa fundi mwingine. Waliokuja kuchukua nguo zao walisimama mlangoni, wakalipa, wakaondoka. Loise akaacha kufungua mlango wa mbele. Zilipita siku nzima hajasema neno na mtu. Jioni moja alimwita paka wa jirani, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa imekauka.

Jumapili Cynthia alipiga simu kama kawaida.

"Uko salama, mama?"

"Niko salama."

"Kwaya inaendelea?"

"Inaendelea."

Kisha wakaagana.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho aliitwa Josephat Mutiso. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba, kupima presha na kuwaelekeza watu hospitali. Alipofika kwa Loise, alikuta mlango umefungwa.

"Mama Cynthia! Hodi!"

"Mimi sina ugonjwa," Loise alijibu kutoka ndani. "Nenda, Josephat. Wakikuona hapa watasema ni wewe."

Josephat alielewa. Kesho yake alirudi na mke wake, Mumbe. Walikaa nje barazani, mahali ambapo kila mpita njia angewaona. Loise alitoka polepole, amejifunga leso mbili.

"Sisi hatukuja kukuuliza mambo ya watu," Mumbe alisema. "Tumekuja kukuuliza unajisikiaje."

Miezi miwili ilikuwa imepita bila mtu yeyote kumuuliza hivyo. Loise alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akaeleza kila kitu, kuanzia sketi ya kwanza.

Josephat alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Cynthia, mimi si daktari," alisema. "Siwezi kukuambia una nini. Lakini tumbo kukua si mimba tu. Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Ni ndogo. Ndizo zinazotunza mayai. Karibu na kila ovari kuna mrija unaopitisha yai. Wakati mwingine uvimbe huota kwenye ovari, au kwenye mrija, au mahali pa karibu."

"Uvimbe wa kansa?"

"Mara nyingi si kansa. Mwingine ni kama kifuko cha maji. Kwa wanawake wanaopata hedhi bado, mara nyingi huisha wenyewe. Mwingine unakua mpaka unakandamiza kibofu na tumbo. Ndiyo maana mtu anakojoa mara kwa mara na kushiba haraka. Mwingine ni kansa, kweli. Kwa mkono au kwa macho hakuna anayeweza kujua."

"Na mimi nimeacha kupata hedhi."

"Ndiyo sababu usingoje. Mwanamke aliyeacha kupata hedhi, tumbo likivimba, lazima apimwe mapema. Acha hiyo mizizi. Na ukipata maumivu makali ya ghafla, na kutapika, usisubiri asubuhi. Uvimbe unaweza kujisokota. Nipigie simu tukukimbize hospitali."

Mumbe alisema, "Naweza kukusindikiza."

"Hapana," Loise alisema. "Nitaenda mwenyewe." Bado aliona aibu.

Kwenye zahanati alipewa barua ya kwenda hospitali kubwa mjini Voi. Huko alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha altrasaundi, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya tumbo. Wengi kwenye foleni walikuwa wajawazito. Msichana mmoja alimtazama, akatabasamu.

"Hongera, mama. Wako ni wa miezi mingapi?"

Loise alivuta leso juu ya tumbo. Aligeuka akautazama ukuta.

Ndani, muuguzi aliuliza, "Umekuja na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Tukihitaji kumpigia mtu wako, tumpigie nani?"

Loise alitafuta kwenye simu yake. Akataja namba ya Cynthia.

Mpimaji alimpaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa taratibu. Alikuwa mwanamke mpole aitwaye Mutheu.

"Hakuna mtoto hapa, mama," alisema. "Kuna uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Ni mkubwa. Ndani naona majimaji."

Loise alilia. Ilikuwa hofu, na ilikuwa pia nafuu. Kwa miezi yote hiyo, huyu alikuwa mtu wa kwanza kusema neno lile: hakuna mtoto.

Daktari Mulinge alimpima damu, akamweleza kwamba uvimbe lazima utolewe kwa upasuaji.

"Baada ya kuutoa, tutaupeleka maabara. Hapo ndipo tutajua kwa uhakika kama ni kansa au la. Uje na mtu wa karibu."

Loise alitoka nje, akakaa kivulini karibu na geti. Haikuwa Jumapili, lakini alimpigia binti yake. Alimweleza yote.

Loise akasikia Cynthia analia.

"Mama, mimi nilisikia. Rafiki yangu wa huko aliniambia miezi miwili iliyopita kwamba una mimba. Nikangoja unieleze mwenyewe. Kila Jumapili nilikuwa nangoja."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu. Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaona aibu."

"Nakuja leo, mama."

Alifika kesho yake asubuhi. Alipoona mikono ya mama yake ilivyokonda, alimshika, asimwachie kwa muda.

Upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata. Madaktari walitoa uvimbe wenye uzito wa kilo sita. Kwa sababu ya umri wake, na kwa idhini yake, walitoa pia ovari zote mbili na mirija yake. Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Kungoja kulikuwa kugumu. Lakini sasa walingoja watu wawili.

Siku ya majibu, Daktari Mulinge alisema, "Si kansa, mama. Umepona. Lakini kama ingekuwa kansa, kila mwezi uliokaa nyumbani ungekuwa mwezi uliopotea."

Mwezi wa tisa, Josephat alipanga mafunzo ya afya kwa akina mama wa kanisa. Alimwomba Loise azungumze. Loise alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali.

Alisimama mbele ya wale waliomkwepa njiani. Hakumtaja mtu. Alieleza sketi, vijiko vya chakula, uzito chini ya kitovu, na picha iliyoonyesha ukweli.

"Uvimbe haukuniuma sana," alisema. "Kilichoniuma ni kukaa nao peke yangu."

Mikono ikaanza kuinuka. Wakauliza maswali mpaka chai ikapoa.

Watu walipoondoka, Mama Mwandawiro alibaki kwenye kiti chake. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake cha kichwa.

"Loise, nilikukosea. Nisamehe."

"Iliniuma, Mama Mwandawiro."

"Najua." Aliangalia mlangoni kama kuna mtu, akashusha sauti. "Nina miaka hamsini na minane. Damu ilikoma zamani. Mwezi uliopita ilirudi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu."

Loise alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Damu ikirudi baada ya kukoma, hiyo pia haingoji. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa kikubwa. Kesho asubuhi twende hospitali."

"Na watu wakituona?"

"Watuone," Loise alisema. "Watatuona tuko wawili."