Bango Lenye Marufuku Tatu

Kila asubuhi Sesilia aliuza vitumbua Chang'ombe, mkabala na geti la maktaba ya mtaa. Mkono uligeuza vitumbua, macho yalikwenda dirishani. Ndani kulikuwa na kabati la kijani, limejaa vitabu. Miaka mitatu alilitazama. Hakuingia hata siku moja.

Alikuwa na hamu yake ya siku nyingi. Alipokuwa darasa la saba huko Masasi, mwalimu alimwazima kitabu cha hadithi. Kilimhusu msichana aliyepotelewa na njiwa wake. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Sesilia alimaliza shule, akaolewa, akaja Dar, akazaa watoto watatu. Bado alijiuliza: wale njiwa walirudi?

Kwenye ukuta wa maktaba palikuwa na bango:

MAKTABA
MARUFUKU KUINGIA BILA KAZI MAALUMU
MARUFUKU KUKAA HAPA
MARUFUKU KELELE

Muuza vitumbua ana kazi gani maalumu? Sesilia alizijua ofisi. Bila barua ya mtendaji wa mtaa, huingii. Na barua hiyo ingesema nini? Kwamba mama huyu anatafuta njiwa?

Siku moja Gladness, mtunzaji wa maktaba, alivuka barabara kununua vitumbua. Alikuwa bado mgeni mtaani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Wiki nzima wameingia watu wawili. Mmoja aliomba maji ya kunywa. Wakubwa wanasema wasomaji wasipopatikana hadi Desemba, chumba kitageuzwa stoo. Watu wa hapa hawapendi kusoma."

Sesilia akaweka chini kijiti cha kugeuzia vitumbua.

"Nani kakwambia? Mie miaka mitatu naliangalia lile kabati la kijani."

"Sasa mbona huingii?"

"Kwa barua ya nani?"

"Barua ya nini, mama? Anaingia mtu yeyote. Tena bure."

"Hayo unayajua wewe uliyeko ndani. Hebu simama hapa nilipo mie, usome."

Gladness akasoma. Akarudia.

"Bango nililikuta," alisema taratibu.

"Basi usiliache."

Kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa Brightson, fundi wa kuandika mabango, yuko kwenye kitumbua cha nne.

"Maneno yote yanafukuza," alisema. "Mie nikiliandikia duka la mchele hivyo, mchele utaingia wadudu. Bango linamjibu mtu aliyesimama nje. Hapa ni wapi? Naruhusiwa? Mnatoza? Mnafungua saa ngapi? Herufi ziwe kubwa, bodaboda asome bila kusimama. Na wekeni mshale kule barabara kubwa, gereji imewaficha."

"Na ndani?" Gladness akauliza.

"Kila kabati lipate jina lake. Hadithi. Kilimo. Afya ya mtoto. Hizo namba mlizobandika makabatini mnazielewa nyie wenyewe."

"Halafu utangaze," Sesilia akasema. "Msikitini, kanisani, kliniki ya watoto. Wateja wangu niachie mie."

Jumamosi bango jipya lilipanda ukutani:

MAKTABA YA MTAA
KARIBU USOME
MTU YEYOTE, BURE
JUMATATU HADI JUMAMOSI
SAA 3 ASUBUHI HADI SAA 11 JIONI

Jumatatu Sesilia alimaliza vitumbua mapema. Akanawa mikono, akajifunga kanga safi. Mlangoni akavua ndala.

"Mama, huku hatuvui viatu," Gladness alisema.

"Mie navua."

Waliomfuata waliziona ndala, nao wakavua. Kufikia Novemba viatu vilijaa barazani, na wapita njia wakawa wanachungulia kujua kuna nini. Habari ya stoo ikafa.

Kitabu cha njiwa hakijapatikana. Sesilia hakumbuki hata jina lake. Boksi jipya la vitabu likiletwa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Gladness akitikisa kichwa, Sesilia anakwenda kwenye kabati la kijani na kuchukua kingine. Kwanza anafungua mwisho. Hausomi ukurasa wa mwisho, anaugusa tu kwa kidole. Akiukuta upo, anarudi mwanzo, anavuta kiti, anasoma.