Mwanambuzi wa Jeannine

Kila alfajiri, kabla kengele ya parokia haijalia, Kavuo alitoka kukata majani ya mbuzi. Hakuhitaji kuamshwa. Mbuzi huyo ndiye aliyekuwa tumaini lake la kubaki darasa la tano. Zamani baba yake, Kamate, alipeleka vitunguu vya Masereka hadi Beni, lakini vita vilifunga barabara na biashara ikafa. Serikali nayo haikuwalipa walimu, hivyo mtoto ambaye mzazi wake hakutoa kitu alirudishwa nyumbani.

Ndipo waumini wa parokia yao, mjini Butembo, walipochanga na kuwanunulia mbuzi watoto kama Kavuo. Sharti lilikuwa moja tu: mwanambuzi wa kwanza apewe mwanafunzi mwingine, na watakaofuata wauzwe kulipia masomo ya mwenye mbuzi.

Mbuzi wa Kavuo alikuwa amezaa jike zuri, tena limeshaacha kunyonya. Jumapili baada ya misa angekabidhiwa Jeannine, msichana aliyekimbia vita Kanyabayonga pamoja na bibi yake.

Kavuo akaanza kuwaza. Je, mbuzi wangu akifa? Si bora niwe na wawili? Tamaa ikishaingia haikosi sababu, jamani! Akampeleka mwanambuzi kwa shangazi yake, Rughenda, akamwambia, "Tantine, baba anasema umuchungie kidogo." Kisha akarudi nyumbani akilia: "Basoda bamekamata kambuzi ku njia!"

Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Siku zile kuku akipotea, ni askari. Maharage yakipungua, ni askari. Hata aliyeunguza chakula angeweza kuwasingizia askari akaaminiwa.

Jumapili, Mama Kasonia, mkuu wa kamati ya msaada, aliwapa watu habari hiyo uani mwa kanisa. Jeannine alikuwa amekuja na kamba ya mgomba aliyoisokota mwenyewe. Akaikunja polepole.

Mfanyabiashara mmoja, Phinées, alisimama. "Mama, miye sitachanga tena. Tunanunua mbuzi ya batoto, basoda banakula. Sasa tunalisha nani?"

"Ni kweli! Tuache hii kazi," wengine wakaitikia.

"Na batoto benye kungoja?" akauliza Mama Kasonia.

"Bangoje vita iishe."

Kavuo alitaka mbuzi mmoja tu wa ziada, na sasa watoto asiowajua hata majina wangekosa shule kwa sababu yake. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini alipomwona Jeannine akigeuka kwenda zake, alijipenyeza katikati ya watu.

"Haiko basoda!" alisema kwa nguvu. "Ni miye. Nilimuficha kwa tantine, Rughenda. Niliogopa masomo yangu itakufa."

Kamate aliinamisha kichwa kwa aibu. Phinées akaguna, "Kumbe! Leo basoda nabo bamesingiziwa!" Wengine wakacheka. Kavuo hakucheka.

"Naenda kumuleta sasa hivi," alisema. Jeannine akamfuata bila kuitwa.

Walimchukua kwa Rughenda. Wakati wa kurudi mwanambuzi alisimama kwenye kila jani, nao wakavutana naye. Mwishowe Jeannine akauliza, "Ulitaka nikose masomo, nirudi Kanyabayonga, mu vita?"

"Hapana. Sikukufikiria hata kidogo."

"Basi hiyo ndiyo mubaya zaidi," alisema Jeannine.

Walipofika, Kavuo alimkabidhi Jeannine mwanambuzi mbele ya wote, akaomba radhi, akaahidi kumsaidia kukata majani mpaka mbuzi huyo akue na kuzaa.

Phinées alimtazama, akakuna kichwa. "Haya, nitachanga. Lakini miye mwenyewe nitakuwa nakuja kuangalia bile bimbuzi!"

Mama Kasonia akamshika Kavuo bega.

"Mutoto wangu, vita ilituibia vitu mingi. Lakini imani ya bale benye kutoa, ni weye ulikaribia kuiiba. Mutu akikufungulia mulango, usiufunge nyuma yako. Ushikilie, mwenzako naye apite."