Doa Kwenye Weupe

Doa lenyewe halikuwa na tatizo. Vumbi ni vumbi. Kilichomkosesha raha Delfina ni kwamba katika picha ya pili lilikuwa limesogea.

Alfajiri hiyo alikuwa kajifungia kwenye kibanda cha darubini nyuma ya nyumba yake, kule kijijini Datil, akipiga picha za weupe mtupu. Fulana nyeupe ya marehemu mumewe, Orlando, aliitandaza kwenye mdomo wa darubini akaibana kwa mpira, nuru ya mapambazuko ipenye sawasawa, kompyuta ijue vumbi limekaa wapi ilifute. Orlando alikufa akiwa amekusanya nuru ya usiku arobaini ya kundi moja la nyota. Ili kuisafisha, zilibaki picha hizi thelathini nyeupe tu. Kamera aliyoifunga kwenye darubini ikisogezwa hata kidogo, vivuli vya vumbi havitalingana na vya picha zake, na kazi yake ya mwisho imepotea.

"Doa likikufuata kila unakogeukia," Orlando alizoea kumwambia, "liko kwenye kioo chako, si mbinguni."

Picha ya tisa, doa likawa pete nyeusi. Ya kumi na tano, lilikuwa katikati, na kibanda kikanuka nywele zilizoungua. Delfina akakimbilia mlango, haukufunguka. Fulana ikabonyea ndani ya darubini, ikavimba, ikabonyea tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na Delfina, mgongo umegandamana na mbao, akampigia simu jirani yake Eulalia, mfukizaji wa wenye mashetani, naye akaja mbio na chetezo, akasukuma mlango kwa bega, akashindwa, akabaki akinong'ona kwenye ufa.

"Shoga, ing'oe kamera. Kitoe hicho kitu kingali kwenye kioo, kisije kikatafuta pengine."

"Nikiing'oa nampoteza Orlando."

"Orlando tulishamzika. Kinachopumua humo si yeye."

Delfina alilia. Kisha akabonyeza kitufe cha kamera, akaendelea kubonyeza.

Picha ya thelathini ilitoka nyeupe pe. Mlango ukafunguka wenyewe.

Jikoni, kompyuta ilimaliza kazi: nyota za Orlando, safi, bila punje ya vumbi. Delfina akacheka, akageuka kumkumbatia Eulalia, na kwenye aproni nyeupe ya jirani yake akaiona pete nyeusi. Akatazama ukuta. Ilikuwepo. Akatazama anga dirishani. Ilikuwepo.

Akafumba macho. Ilikuwepo, na ilikuwa imesogea karibu.