Waliuliza Njia Malindi

Mumbua alitoka kazini, kwenye makao ya wazee ya Winson Green huko ughaibuni, akiwa amechoka hoi. Usiku kucha alikuwa akiwageuza na kuwaosha wazee. Mchana alilala kidogo tu, na mara binti yake Kendi akarudi kutoka shule.

"Mum, kesho nasimama mbele ya darasa," Kendi alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Tunasoma safari za Wareno. Mimi nimepewa Malindi."

Habari hiyo Mumbua aliijua kwa moyo. Shuleni kwao Machakos mwalimu alisema, watoto wakakariri. Akamfundisha Kendi vivyo hivyo.

"Vasco da Gama aligundua Malindi mwaka 1498. Rudia!"

Kendi akarudia.

"Tena!"

Safari hii mtoto hakurudia. Kisha akauliza, "Kwani watu wa huko walikuwa wamepotea? Derrick wa darasa letu anasema Afrika haikuwa na kitu mpaka Wazungu walipofika. Nikisema hivi, atanicheka. Kesho siendi shule."

"Aki Kendi, nimechoka. Sema tu vile nimekuambia."

Kendi akaanza kulia. Mumbua alitamani kulia pia, lakini hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Hapo akaingia jirani yao Sabine na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sabine alikuwa mwalimu wa historia kule Bukavu, Kongo, kabla vita havijamfukuza.

"Mutoto analilia nini?" aliuliza. Mumbua akamweleza.

"Non, Mama Kendi. Hapana vile," Sabine alisema, akikaa. "Malindi ilikuwa muji. Balikuwa na mufalme, na nyumba za mawe, na biashara na India. Wareno balitaka kununua pilipili kule India benyewe, lakini njia habajui. Mufalme wa Malindi akabapa rubani, mutu wa kuongoza merikebu. Ni yeye alibafikisha."

"Wee! Si tulifundishwa aligundua?"

"Nasi pia. Balituambia Mureno aligundua muto Kongo. Lakini alikuta batu na mufalme wao. Sasa mugeni akikuuliza njia ya kwenda mutaa wa Tyseley, ukamuonyesha, atasema amegundua Tyseley?"

Kendi akacheka huku machozi yakimtoka.

"Walishukuru?" aliuliza.

Sabine alitikisa kichwa. "Nyuma ya miaka kidogo balirudi na mizinga. Balipiga Kilwa na Mombasa, bakabeba mali. Ile nayo useme."

Mumbua alisikia uchungu. Miaka yote ile alikuwa akisifiwa shuleni kwa kukariri kwamba kwao hakukujulikana. Jioni ile hakusema tena "rudia". Alimwacha Kendi aeleze kwa maneno yake mwenyewe, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akipiga miayo.

Kesho yake Kendi alirudi mbio.

"Mwalimu Gurmeet aliniuliza Wareno waliijuaje njia. Nikamwambia, waliuliza! Hata Derrick hakunicheka. Mum, nataka kuongea na susu."

Mumbua alishangaa. Siku zote Kendi alijificha bibi yake alipopiga simu, kwa kuona aibu ya Kiswahili chake kibovu. Akapiga simu Machakos haraka, kabla ya kwenda kazini.

"Susu," Kendi alisema polepole, kwa Kiswahili, "Wazungu walipofika, sisi tulikuwa wapi?"

Bibi alicheka sana.

"Tulikuwa nyumbani, mjukuu wangu. Tungekuwa wapi tena?"