Vitambaa Vyekundu vya Lachlan

Haya yalimkuta Lachlan Pirrie, rafiki wa mjomba wangu, rubani kijana wa Nyuzilandi aliyepelekwa vitani Uingereza. Siku hiyo alitumwa kujaribu injini tu. Ndani ya wingu zito giza lilimfunika, na risasi za adui zikaanza kugonga mkia wa ndege yake. Akageuka, akafyatua bunduki zote za ndege yake mpaka zikaishiwa risasi. Ndege ya adui ikalipuka mbele yake.

Alipotua na kusimulia hayo, fundi wake Wattie alicheka. "Acha fiksi, kaka! Sema ulikimbia." Vitambaa vyekundu vilivyobandikwa kwenye midomo ya bunduki, ambavyo risasi ya kwanza huvichana, vilikuwa vizima vyote.

Ili kumsuta, Wattie akafungua masanduku ya risasi. Yalikuwa matupu, na mitutu iliunguza vidole vyake.