Bonge la Makaa Ndani ya Ragnhild

Simu ya maandishi ilikuwa na maneno matano: Shangazi anasafiri saa sita. Mlinde.

Shangazi ndiye Ragnhild, manowari ya Denmark. Ubavuni chuma cha inchi nne na nusu, nyuma yake mbao nene za msaji, mizinga ndani ya mnara unaozunguka. Mwaka 1864 makombora ya Waprusi yalimgonga yakadunda kama njegere.

Kumvunja kutoka nje hakuwezekani. Esben Krogh alijua. Ribiti zile, misumari ya kubana mabamba yake ya chuma, alizigonga mwenyewe kabla hajawa jasusi.

Ndani ni jambo jingine.

Mwaka jana boila la mvuke lilipasuka katika meli ya mdogo wake, Jeppe, mchochea makaa, likamuua. Baraza la uchunguzi likasema wachocheaji walikuwa wamelewa. Jeppe, ambaye hata bia ya Krismasi aliikimbia!

Saa nne asubuhi, gati la Kopenhagen. Nyundo za ribiti ziligonga kelele ya kung'oa meno. Hapo ndipo Thrane, muuza makaa, alipochagua kuzungumza na mgeni wake. Nani angesikia?

Kosa.

Wapiga ribiti wote huishia viziwi, lakini umbea hawaukosi. Miaka kumi na miwili Esben alisoma midomo ya wenzake. Kutoka sitaha ya Ragnhild akainua darubini.

"Bonge moja tu," mdomo wa Thrane ulisema. "Chuma, baruti ndani, lami juu. Liko kwenye makaa yake."

"Kama la mwaka jana?"

"Vile vile. Na tena watalaumiwa walevi."

Bastola ya Lefaucheux ikatoka mfukoni mwa Esben. Ikarudi. Risasi ingekuwa zawadi.

Akashuka gatini na mabaharia wa Ragnhild, wakamdaka mgeni. Esben akamshika Thrane kiwiko.

"Karibu ndani, bwana mkubwa."

"Nina shughuli."

"Mimi nina bastola. Tembea."

Chini, mbele ya tanuri linalowaka, Esben alisema kwenye bomba la sauti liendalo juu: "Kamanda Brammer, shusha watu wote, wewe ubaki kwenye bomba na kalamu. Huku chini tunabaki wawili."

Akaweka kiganja kwenye bomba. Likatetemeka mara mbili: sawa.

Akamtupia Thrane sepetu.

"Chochea."

"Wewe una wazimu."

"Huenda. Chochea."

Thrane alichochea. Kila bonge alilitazama kama nyoka. Kofia ikaanguka, kola ikalowa. Kwenye lundo la tatu sepetu ikasimama.

"Siwezi."

"Kwa nini? Makaa si yako mwenyewe?"

"Hilo hapo. Nina mke, Krogh. Tafadhali."

"Jeppe alikuwa na mama. Mpaka leo sokoni wanamwita mama wa mlevi." Akamsukumia mdomo kwenye bomba la sauti. "Mwambie kamanda. Taja majina. Na useme kwa nguvu, mimi kiziwi."

Thrane alisema yote. Esben alimsoma neno kwa neno, hadi lile alilolingoja: Jeppe Krogh hakulewa.

Akaliweka bonge ndani ya kofia ya Thrane, akamfungia mwenyewe ndani kwa mlango wa chuma, akapanda juu.

Brammer alikuwa ameshaandika.

"Thrane yuko wapi?"

"Chini. Nadhani anapiga kelele."

"Humsikii?"

"Bahati mbaya, kamanda."

Esben akamkabidhi kofia, akashuka gatini kutafuta mkate mweusi na samaki wa chumvi. Mama yake alikuwa sokoni, na leo Esben alikuwa na umbea wa kumpelekea.