Daktari Aliyempasua Gracien

Émérance alikuwa akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, nyumbani Makobola aliposikia mume wake akilia. Akaacha samaki, akakimbia. Gracien hakuwa mtu wa kulia.

Alimkuta mlangoni, amejikunja, anatapika. Ngiri yake ya miaka mitatu, uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi ndani kila alipolala, sasa ilikuwa ngumu kama jiwe.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Nicole aliigusa kidogo tu, akaandika karatasi ya kuwatuma hospitali kuu.

"Utumbo umebanwa, Mama Émérance. Mwende sasa hivi."

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana, Ornella. Émérance alimtazama juu mpaka chini.

"Ni weye utapasua bwana yangu? Uko spesialisti wa kupasua?"

"Hapana, mama. Minye niko daktari wa magonjwa yote."

Émérance akajisogeza mbele ya mume wake. "Yesu! Munatupatia mwanafunzi?"

Daktari mzee, Jean-Berchmans, akasogea.

"Si mwanafunzi, mama. Spesialisti wanasomea kwenye hospitali za miji mikubwa, miaka mingi, na wengi wanabakia kulekule. Tukiwangojea, bwana yako atakufa. Ndiyo maana serikali inaomba hospitali kama hii ipasue mambo ya haraka: ngiri iliyobanwa, mama anayeshindwa kuzaa. Basi daktari wetu, akiisha kumaliza masomo, anajifunzia kupasua hapa. Kwanza anatazama. Halafu anasaidia. Halafu anapasua, minye niko kando yake. Huyu nimesimama naye miaka mbili."

"Na ikimushinda?"

"Nitaingia. Na ile inatushinda sisi wote, tunaituma hospitali kubwa ya Bukavu."

Émérance akawapisha. "Sawa. Lakini usitoke kando yake."

Gracien alipoingizwa kupasuliwa, Émérance alikaa kwenye benchi, hawezi hata kusali. Mwishowe Ornella akatoka.

"Amepona, mama. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Tuliupasha moto kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, rangi ikarudi. Saa chache tena, ungeoza. Lakini miaka mitatu yote hiyo mulikuwa munangoja nini? Tungemupasua mapema, bila hatari hii."

Émérance alishika kichwa kwa mikono miwili. Ni yeye aliyekuwa akimfunga Gracien kitambaa kiunoni kila asubuhi ili kuibana ngiri, na kumwambia haiui mtu.

Gracien alirudi nyumbani akitembea mwenyewe. Mwezi haukuisha, Émérance akamkokota shemeji yake Cyprien, mwenye ngiri pia, mpaka kwa Nicole.

"Nani atanipasua?" Cyprien aliuliza kwa woga.

"Waulize ukifika hospitalini," alisema Émérance. "Minye niliwauliza, na walinijibu."